Injini ya Hiace kwenye Hilux ya chumvi: gereji ya Ndeeba isiyo na kibao

Hilux yangu ni ya 1992, ilikuja na injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 2L (ni jina tu, si lita mbili), na kazi yake ni kubeba chumvi kutoka ziwa Katwe kuleta Kasese na Bwera. Mwezi wa nne ilichemka nikiwa na mzigo. Nikaongeza maji nikaendelea, ikachemka tena. Kosa langu: rejeta ilikuwa imeziba tangu Krismasi na kila siku nasema kesho. Silinda hedi ikapasuka. Nilipopiga hesabu ya hedi, gasketi na kazi ya fundi, nikaona bora nitoe injini yote.

Kasese kila mtu alinishauri 3L. Mimi roho ilikuwa kwenye 5L, ile ya Hiace za abiria. Zote ni ukoo mmoja: 2L ina cc 2446, 3L cc 2779, 5L cc 2986, na gia boksi ile ile inazikubali bila kuchomelea chochote. Ila uwe macho usiuziwe 5L-E. Hiyo pampu yake ya dizeli inaongozwa kwa umeme, utaanza kuhangaika na kompyuta na waya kwenye gari ambalo halijawahi kuwa nazo.

Gereji yenyewe iko Ndeeba, Kampala, nyuma ya wapasua mbao. Haina kibao, unaulizia kwa Mzee. Mzee ni Mnubi wa Bombo, Kiswahili kinamtoka kama maji, kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kunitafsiria Kiganda. Jambo la kwanza lililonipendeza: alikataa nikanunue injini peke yangu. Tulikwenda naye soko la Kisekka asubuhi na mapema, tukiwa na betri na kidumu cha dizeli.

Injini ya kwanza ilikuwa imeoshwa ikang'aa. Mzee hakuitazama hata, aliweka kiganja juu ya bloku. "Kijana wangu, hii wameshaipasha moto iwake kirahisi. Inaficha kitu." Tukaondoka. Ya pili, duka jingine, ilikuwa na vumbi na baridi kabisa. Wakafunga betri, bomba la dizeli likaingizwa kwenye kidumu, ikawaka mara ya kwanza. Moshi mweupe kidogo, kisha ukakata. Wa bluu, ule wa kuchoma oili, sikuuona. Mzee akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza juu chini na kukiweka tu pale kwenye tundu, injini ikiwa inanguruma. Kikatetemeka, hakikuruka. Angekiona kinarushwa, anasema, tungejua ringi za pistoni zimekwisha na moto unavuja kushuka chini. Nililipa milioni 4 na laki 6, nikachukua risiti pamoja na nakala ya karatasi za forodha.

Kazi ilichukua siku tatu, laki 7. Sampu ya Hiace, lile karai la oili chini ya injini, iligonga chuma cha kati cha chesisi, wakaitoa na kuhamishia ile ya 2L pamoja na bomba lake la kunyonya oili. Maunti, vile vishikizo vya injini kwenye chesisi, pia zilitoka kwenye injini ya zamani. Klachi nilinunua mpya, na rejeta nyingine nene zaidi, maana ile nilishajua tabia yake.

Sasa lawama. Nililipia mkanda wa taimingi mpya, laki 1 na nusu. Siku ya pili nilitoka kwenda kula katogo, niliporudi kijana wa gereji akaniambia mkanda umeshafungwa. Nikainama nikatazama bolti za kifuniko: zote zina tope kavu la zamani kwenye vichwa, hakuna hata alama ya spana. Bolti iliyofunguliwa haiwezi kubaki na tope. Nikamwita Mzee. Hakubisha, alifungua mwenyewe, na mkanda wa zamani ulikuwa humo, umeanza kupasuka pembeni. Kwenye injini hizi mkanda ukikatika pistoni zinagonga valvu, na nimekwisha. Kijana alifokewa kwa Kinubi, mpya ukafungwa mbele yangu. Lakini kama ningekaa kula sahani ya pili?

Nilirudi kupitia Mubende na Fort Portal. Pale ambapo 2L ilinilazimisha gia ya pili, sasa napanda na ya tatu nikiwa na magunia. Usitegemee mbio, haina tabo (turbo). Ni nguvu ya chini tu, ya kusukuma. Baada ya miezi mitano sindano ya joto haijapita katikati. Dizeli inakula zaidi kidogo, na pedali ya klachi ni nzito kuliko zamani, mguu wa kushoto unanikumbusha jioni.

Ningewapelekea tena gari? Ndiyo, kwa sababu ya Mzee, na ningebeba kiti changu.

Na usisahau kadi ya gari. Namba ya injini imeandikwa humo, na ikibadilika lazima ibadilishwe kwenye usajili; bila ile risiti na karatasi za forodha huna pa kuanzia. Zangu nimeziweka kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya kiti, maana chumvi ya Katwe inakula mpaka karatasi.