Saiba iliyonisaidia kupata namba ya TSC

Walimu wenzangu mliomaliza chuo na mnatafuta namba ya usajili ya TSC, tume ya walimu ya Kenya, nendeni kwa mama wa saiba (duka la kompyuta na intaneti) aliye karibu na steji hapa Kitale. Nasema hivi kwa sababu nilianzia kwingine nikaumia: kijana aliskani cheti changu cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) kikakatika pembeni, namba ya mtihani haionekani, ombi likarudishwa. Nikapoteza mwezi mzima.

Huyu mama hagusi kompyuta kwanza. Alipanga kitambulisho, KCSE na cheti cha P1 (cha ualimu wa shule ya msingi) mezani, akaweka rula chini ya majina na kuyasoma herufi kwa herufi. "Mwalimu, hapa una majina matatu, hapa mawili. Kamtafute wakili akuandikie hati ya kiapo, kisha urudi." Hakunitoza hata shilingi siku hiyo. Niliporudi alikagua fomu ya GP 69 ya uchunguzi wa afya kama daktari ameigonga muhuri, na cheti cha tabia njema cha polisi, ndipo akatuma. Nilimlipa shilingi 150, mbali na ada ya tume.

Jambo hili si la kubahatisha. Sheria ya TSC ya mwaka 2012 inakataza kufundisha bila usajili, na inataka cheti cha kufundishia kihuishwe kila baada ya miaka 5. Mama aliniandikia nywila ya akaunti yangu ya TSC kwenye karatasi, akaniambia niitunze pamoja na vyeti.

Jumatatu foleni ni ndefu mno, na viti ni viwili tu. Fikeni kabla ya saa mbili asubuhi, mkiwa na vyeti halisi.