Darubini ya macho mawili ya 10x50 kwa anga la usiku: uzoefu wangu

Baada ya kuitumia darubini hii katika misimu tofauti, nimeridhika kwamba thamani yake haimo katika ukuzaji, bali katika upana wa anga inaouonyesha kwa mtazamo mmoja. Namba 10 ni kiwango cha ukuzaji, na 50 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita; lenzi hiyo hukusanya nuru nyingi kupita mboni ya jicho, ambayo hata gizani hupanuka hadi takriban milimita 7 tu.

Kilimia, lile kundi dogo la nyota zilizosongamana, ndicho kilichonishawishi kabisa. Kwa macho matupu watu wengi huona nyota sita au saba, lakini ndani ya darubini hujitokeza nyota kadhaa nyingine, na kundi zima hutoshea katika duara moja la mwonekano, jambo ambalo teleskopu nyingi kubwa haziwezi kwa sababu huonyesha sehemu yake tu. Galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 2.5, huonekana kama doa refu la ukungu; asiyezitarajia zile rangi za pichani ataifurahia sana. Mshtarii huonyesha miezi yake minne mikubwa, ile ile aliyoiona Galileo mwaka 1610, ilhali pete za Zohali hazitenganiki na sayari yenyewe, kwani zinahitaji ukuzaji mkubwa zaidi.

Mwezi nao unapendeza zaidi ukiwa nusu kuliko ukiwa mpevu, maana vivuli vilivyo mpakani mwa nuru na giza huyachora mashimo yake waziwazi, ingawa lenzi za darubini huuongezea ukingoni utando mwembamba wa zambarau.

Kinachosumbua hasa ni mtikisiko. Darubini hukuza pia tetemeko la mikono, hata nyota hafifu zikapotea. Nilipoifunga kwenye tripodi, nyota nisizoziona awali zilijitokeza mara moja. Kwa hiyo naona kiungo cha kuifungia kwenye tripodi kingepaswa kuuzwa pamoja nayo, si kando. Macho nayo yapewe angalau dakika 20 kuzoea giza, bila kutazama simu.

Atakayependa kuishika mikononi tu, bila tripodi, namshauri achukue ya 7x50, ambayo hutulia zaidi na kuonyesha eneo pana zaidi.