The Hurlers, Cornwall: duara tatu za mawe, moja ni ya kutafuta

Nianze na kosa langu: nilivaa raba za mjini. Msinicheke. Majani ya Bodmin Moor, nyika ya huku Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, ni mafupi, yanakudanganya kuwa pakavu, ukikanyaga maji yanakufika kwenye soksi. Nendeni na gambuti. Tuliegesha gari Minions, kijiji kilicho kama mita 300 juu ya usawa wa bahari, jua linawaka. Tulipofika kwenye mawe ukungu ulikuwa umeshatufunika.

Kiingilio hakuna, na kamba za kukuzuia hakuna. Kondoo wanajikuna kwenye mawe yenyewe, sufu imenasa kwenye granaiti. Mimi niliyewahi kuizunguka Stonehenge, ile duara ya mawe maarufu ya Uingereza, kwa mbali, hapa niliweka kiganja juu ya jiwe lililosimamishwa miaka kama 4,000 iliyopita. Lilikuwa baridi mpaka nikauondoa mkono.

Duara ya kati ndiyo kubwa, upana wake kama mita 40, mawe 14 yamebaki. Ile ya kusini, jamani, imekwisha. Mawe tisa tu, saba yamelala, majani yanayameza. Binti yangu asingejikwaa kwenye moja, tungeipita. Watu wa zamani walisimulia kwamba hawa ni wanaume waliogeuzwa mawe kwa kucheza mpira siku ya Jumapili. Mama yangu, mzee wa kanisa, angewasomea hiyo wajukuu kila wiki. Mawe mawili ya pembeni, the Pipers, ndio waliokuwa wakiwapigia zumari. Wanasema pia ukiyahesabu hupati idadi ileile mara mbili. Binti alihesabu ya kusini: nane, tisa, nane. Akagoma kuondoka mpaka apate tisa tena.

Msirudi bila kupita Rillaton Barrow, kaburi lililo karibu. Mwaka 1837 kilitolewa humo kikombe cha dhahabu, kikaishia ikulu, na inasimuliwa kwamba Mfalme George V alikuwa anawekea humo vifungo vya kola. Sasa kiko British Museum. Vifungo vya kola!

Tukamalizia kilima cha Stowe's Hill, kwenye rundo la miamba la Cheesewring. Huko juu ukungu ukafunguka, na binti akaanza kuhesabu upya kwa kidole.

Nyota 4. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani, hakipiti.