Nyama ya ng'ombe kwenye meli za utalii: ipi uagize, ipi uiache

Tiketi ya meli kubwa ya utalii inayong'oa nanga Miami au Barcelona huwa imeshalipia chakula, na karibu kila jioni menyu ya ukumbi mkuu ina nyama ya ng'ombe. Malalamiko ya abiria nayo hayabadiliki: steki ngumu, imeiva kupita ilivyoagizwa, imefika vuguvugu. Lawama humwangukia ng'ombe, na mara nyingi ng'ombe hana kosa. Kinachoharibu nyama melini ni kusubiri. Ukishalijua hilo, unaacha kutafuta jina la kifahari kwenye menyu na kuanza kutafuta kipande kinachovumilia kusubiri.

Tuanze na jiko. Meli kama Icon of the Seas, iliyoanza safari mwaka 2024, ina uwezo wa kubeba abiria 7,600. Kumbi za chakula hulishwa kwa zamu, na mamia ya sahani hutakiwa kutoka karibu kwa wakati mmoja. Kwa sababu ya hatari ya moto baharini, majiko ya meli nyingi ni ya umeme, hayana mkaa wala gesi, kwa hiyo ule moshi wa nyama choma usiutarajie. Steki ya ukumbi mkuu huwa ndogo na nyembamba, gramu 170 hadi 230, unene wa sentimita 2 hivi. Huchomwa juu juu mapema ipate mistari, hupangwa kwenye trei, humaliziwa ndani ya oveni, kisha husubiri kwenye kabati la joto hadi oda ya meza nzima itimie. Hapo hufunikwa kwa kifuniko cha chuma na kusafiri hadi mezani.

Katika safari hiyo nyama bado inaiva. Kipande kikitolewa motoni, joto la katikati huendelea kupanda nyuzi 3 hadi 5 za selsiasi. Aliyeomba nusu mbichi anataka katikati pawe kati ya 54 na 57. Ikitoka oveni na 55, kisha ikakaa kabatini, inakufikia ikiwa 60 na zaidi, rangi ya kijivu ukingo hadi ukingo. Kifuniko nacho kinakusanya mvuke, na lile gamba kavu la juu lenye ladha linalowana. Ndiyo maana ushauri wa kwanza kwa ukumbi mkuu ni kuagiza ngazi moja chini ya unayoitaka: ukitaka iliyoiva wastani, omba nusu mbichi. Anayeipenda imeiva kabisa asiagize steki hapo kamwe. Kipande chembamba kisicho na mafuta kikipita nyuzi 70 kinakuwa soli, na hakuna mpishi wa kukiokoa.

Sasa mfano wa kinyume, na hapa ndipo ukumbi mkuu unaposhinda: "prime rib". Hii ni rosti ya mbavu. Kwa ukataji wa Kimarekani ni ubavu wa 6 hadi wa 12, na huokwa ikiwa kipande kizima cha kilo kadhaa kwa joto la chini, nyuzi 95 hadi 120, kwa saa nyingi. Kanuni za afya za Marekani kwa meli zinazotembelea bandari zake zinataka chakula cha moto kihifadhiwe kwenye nyuzi 57 au zaidi, ila rosti nzima iliyopikwa ipasavyo huruhusiwa kukaa kwenye 54. Nyuzi 54 ndilo joto ambalo nyama hii huwa tamu zaidi! Kwa steki, kabati la joto ni adhabu. Kwa rosti ya mbavu ni sehemu ya upishi. Inaweza kukaa humo saa mbili bila kupoteza kitu, na ikakatwa mbele ya sahani yako ikiwa na majimaji yake yote. Alama 8 kati ya 10, na hulipi hata senti ya ziada.

Tahadhari mbili juu ya rosti hiyo. Jina lake halimaanishi nyama ya daraja la Prime, lile la juu kabisa la Marekani. Ni jina la kipande tu, na daraja linaweza kuwa lolote. Pili, rosti moja ina sehemu tofauti. Ncha zake mbili zimeiva sana na zina chumvi na viungo vingi, katikati ni pekundu. Mwambie mhudumu unataka ncha au katikati, naye atakuelewa. Usimtake mpishi aipike zaidi, kwa kuwa njia yake ni kuichovya kwenye supu ya moto hadi ipoteze wekundu, na ladha huishia humo. Na hayo majimaji mekundu kwenye sahani si damu. Damu hutoka wakati wa kuchinja. Kinachobaki ni maji ya msuli yenye protini ya rangi iitwayo mayoglobini.

Kuhusu madaraja: Wizara ya Kilimo ya Marekani huipa nyama daraja la Prime, Choice au Select kwa kuangalia umri wa mnyama na mafuta yaliyotawanyika ndani ya msuli kama utando mweupe. Prime ina mafuta hayo kwa wingi, Choice kiasi, Select kidogo. Menyu ikijivunia daraja, huandika jina lake. Ikiandika "premium" (bora) au "chef's selection" (chaguo la mpishi) haijakuambia kitu. Kwa meli iliyopakia nyama Ulaya mambo ni tofauti: mfumo wa huko unapima umbo la mzoga na tabaka la mafuta ya nje, haupimi ulaini, kwa hiyo daraja halitakusaidia mezani.

Nyama nyingi ya melini huletwa bila mfupa, kwenye mifuko iliyonyonywa hewa, na sehemu kubwa imegandishwa. Kugandishwa peke yake si aibu. Tatizo ni maji inayopoteza ikiganduliwa. Kwa kawaida huachwa kwenye chumba cha baridi kisichozidi nyuzi 5 kwa siku mbili au tatu. Maji mengi yakichuruzika, steki inafika kavu hata kama imeiva sawasawa. Bandari nayo haibadilishi kitu: meli iliyotia nanga Mombasa au Zanzibar kwa kawaida haikupi nyama ya Mombasa wala Zanzibar. Ile ile iliyopakiwa mwanzoni mwa safari ndiyo inayotoka friza.

Kuna ulaini mwingine wa kuutilia shaka. Kila mpishi wa pwani anajua papai bichi linavyofanya kazi kwenye mishikaki, na anajua pia likizidi nyama inakuwa uji. Viwanda hutumia kimeng'enya hicho hicho, papaini, pamoja na sindano zinazotoboa misuli migumu na wakati mwingine kuingiza maji ya chumvi. Dalili zake ni steki inayomeguka kama mkate badala ya kuchanika kwa nyuzi, ladha ya chumvi hadi katikati, na vitundu vidogo vilivyojipanga. Hili si suala la ladha tu. Kwenye kipande kizima vijidudu hukaa juu, na moto wa juu huviua. Sindano huvisukuma ndani. Ndiyo maana tangu Mei 2016 Marekani inalazimisha nyama ghafi ya namna hiyo iandikwe kwenye lebo, na ndiyo maana haifai kuliwa nusu mbichi. Lebo hiyo inaishia jikoni, abiria haioni. Muulize msimamizi wa ukumbi moja kwa moja.

Bafe haihitaji maneno mengi. Rosti iliyo chini ya taa ya joto mara nyingi ni paja, msuli usio na mafuta, na taa huikausha upande mmoja. Fika mwanzo wa mlo, omba ikatwe upande ambao haujaangaliwa na taa, vipande vya milimita 3 au 4, kisu kikatize nyuzi za nyama. Kikifuata nyuzi utatafuna hadi bandari inayofuata. Alama 4. Baga, kwa upande mwingine, ni ya kuaminika kuliko watu wanavyodhani: nyama ya kusaga lazima ifike nyuzi 68, mafuta yake yanailinda, na kwenye vibanda vya sitaha ya bwawa, kama Guy's Burger Joint ya meli za Carnival, hutoka kwenye bamba na kuingia moja kwa moja kwenye mkate. Alama 7, bure.

Wale tuliozoea nyama iliyoiva kabisa tuna chakula chetu pale ukumbini, ila hakiitwi steki. Tafuta mbavu fupi, kidari au bega lililopikwa taratibu kwenye mchuzi. Sehemu hizi zina kano nyingi, na kano hugeuka kuwa ute laini baada ya saa kadhaa kwenye nyuzi 85 hadi 95. Kusubiri hakuziharibu, nyingine ni tamu zaidi saa mbili baadaye. Angalia tu kwamba mchuzi wa namna hii mara nyingi una divai.

Migahawa ya kulipia ndiyo mahali pa steki halisi: Chops Grille ya Royal Caribbean, Cagney's ya Norwegian, Crown Grill ya Princess, Pinnacle Grill ya Holland America, Butcher's Cut ya MSC. Bei mara nyingi ni kati ya dola 40 na 90 kwa kichwa, na kampuni nyingi huongeza ada ya huduma ya asilimia 18 au 20. Unacholipia kwanza ni muda, daraja la nyama linafuata nyuma. Ukumbi ni mdogo, steki ni nene, sentimita 3 hadi 4, nayo huchomwa baada ya kuagizwa, chini ya moto mkali wa umeme unaoshuka kutoka juu. Chagua "ribeye", steki ya mbavuni, au "New York strip", ya mgongoni. Sarara, ambayo menyu huiita "filet mignon", ni laini kweli lakini ladha yake ni hafifu, na nyakati nyingine hufungwa kwa nyama ya nguruwe. Malipo ya ziada kwa kipande kikubwa cha kupigia picha, chenye mfupa mrefu, hayana faida kwa mlaji: mfupa hauna ladha ya kukuuzia. Alama 8. Usiku wa kwanza mara nyingi kuna punguzo, kwa sababu abiria wengi bado wanazunguka bafe.

Kwa Waislamu: nyama ya kawaida ya meli hizi usiichukulie kuwa halali, hata kwenye safari za majira ya baridi zinazoanzia Dubai au Doha. Uliza kampuni kwa maandishi wiki kadhaa kabla ya kupanda, taja kuwa unahitaji nyama yenye cheti na sufuria zisizochanganywa na za nguruwe, na hifadhi jibu lao. Ukifika, mwone msimamizi wa ukumbi siku ile ile ya kwanza, maana nyama hiyo ikiwepo itakuwa imegandishwa na inahitaji siku zake mbili za kuganduliwa.

Na steki ikija vibaya, irudishe kabla hujaila nusu. Kata katikati, mwonyeshe mhudumu rangi, sema unataka ipi. Iliyo mbichi mno usikubali irudishwe motoni ikiwa imekatwa, itakauka, omba nyingine. Iliyoiva mno haina dawa, na mhudumu analijua hilo, kwa hiyo huleta mpya bila malipo. Hiyo ya pili, kwa kuwa imechomwa peke yake nje ya msururu, mara nyingi huwa bora kuliko zote za meza yenu.