Ripoti mbili za UNDP kuhusu itikadi kali: zisome, lakini usichanganye tarakimu

Kila habari za vita vya Cabo Delgado, kaskazini ya Msumbiji, zinapofika barzani, swali huwa lile lile: ni dini inayowatia vijana msituni, au kuna jengine? Anayetaka kulijibu kwa kitu kizito kuliko sauti yake ana zana mbili za bure: ripoti za UNDP, Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa, moja ya Septemba 2017 na nyengine ya Februari 2023. Zote zina jina la "Journey to Extremism in Africa", kwa hiyo unapotafuta mtandaoni andika na mwaka, la sivyo utapakua moja ukidhani hakuna ya pili. Hapa zinapimwa kama vitendea kazi vya mtu anayeendesha mafunzo ya walimu wa vyuo vya Qur'ani, kikao cha vijana wa shehia au semina ya waandishi, Unguja na Pemba.

Ya 2017 ndiyo iliyo bora kwa mjadala. Watafiti walihoji watu 718, na 495 kati yao ni waliojiunga kwa hiari yao na makundi kama Al-Shabaab na Boko Haram. Hapo ndipo thamani yake ilipo. Vitabu vingi vya mada hii vimeandikwa na watu waliosoma kuhusu wapiganaji. Huku wameulizwa wenyewe, na pembeni yao wakaulizwa watu wa mazingira yale yale ambao hawakujiunga. Bila kundi hili la pili huwezi kujua kama umasikini wa mpiganaji ni wake peke yake au ni wa mtaa mzima.

Sasa tarakimu zenyewe, maana ndizo zinazopigiwa kelele. Asilimia 51 ya waliojiunga walitaja dini kuwa sababu. Asilimia 57 walikiri kwamba maandiko ya dini yao hawayaelewi, au wanayaelewa kidogo tu. Aliyesoma elimu ya dini kwa angalau miaka sita alikuwa na uwezekano mdogo wa kujiunga, kwa hadi asilimia 32. Na asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki.

Wengi hujikwaa hapo hapo. Sheikh atachukua 57 na 32 aseme: mmeona, hawajui dini, dini haimo. Ofisa wa usalama atachukua 51 aseme: wenyewe wamekiri. Mwanasiasa wa upinzani atashika 71 asiiachie. Kila mmoja amesoma sawasawa, na kila mmoja amekosea, kwa sababu tarakimu hizo nne zinajibu maswali manne. Moja inauliza sababu aliyoitaja mtu, ya pili ujuzi wake wa maandiko, ya tatu historia ya masomo yake, ya nne tukio lililomtoa nyumbani siku ile. Mtu mmoja anaweza kuwemo katika zote bila kujipinga: hakusoma sana, anaamini anaipigania dini yake, na aliondoka wiki ambayo kaka yake alichukuliwa na askari. Kutoelewa maandiko hakumzuii mtu kuua kwa ajili yake. Pengine humrahisishia, kwani anayemwongoza hana wa kumuuliza dalili.

Kwa maoni yetu, basi, ripoti ya 2017 haiisafishi dini na wala haiitii hatiani. Inachoonesha ni kwamba dini huingia safarini katika kituo tofauti na kile ambacho watu wengi hukidhania. Malalamiko huanza mapema: asilimia 83 ya waliojibu waliamini serikali inaangalia maslahi ya wachache tu. Dini huja baadaye kuyapa malalamiko hayo jina, adui na ahadi. Wasomi wa Kifaransa Gilles Kepel na Olivier Roy wamelumbana miaka mingi juu ya mpangilio huu. Kepel anashikilia kwamba itikadi yenyewe ndiyo ya kuchunguzwa, Roy kwamba vijana walikwishaasi kabla, ndipo wakavaa Uislamu. (Ugomvi wao ulihusu zaidi vitongoji vya miji ya Ufaransa. Kuuhamishia Kismayu, Somalia, au Maiduguri, Nigeria, kama ulivyo ni uvivu.)

Ripoti ya 2023 ni pana zaidi: watu 2,196 katika nchi nane, yaani Burkina Faso, Chad, Kamerun, Mali, Niger, Nigeria, Somalia na Sudan. Iliposomwa kwenye vyombo vya habari ilibebwa na sentensi moja, kwamba kazi imeipita dini. Asilimia 25 ya waliojiunga kwa hiari walitaja kutafuta ajira kuwa sababu kuu, 22 walifuata familia au marafiki, na 17 walitaja mawazo ya kidini. UNDP yenyewe inasema ajira imepanda kwa asilimia 92 tangu 2017 na dini imeshuka kwa asilimia 57.

Kabla hujayaandika haya ubaoni, simama. Hiyo 57 ya kushuka haina uhusiano wowote na 57 ya wasioelewa maandiko. Ni sadfa, na katika ukumbi wenye joto watu watazigeuza kuwa kitu kimoja. Pili, kushuka kwa asilimia 57 hadi kufikia 17 maana yake ni kwamba kiwango kilianzia karibu na 40. Kwa hiyo hakikuanzia ile 51 ya mwaka 2017, na ukichora mshale kutoka 51 hadi 17 umepotosha. Vivyo hivyo ajira: kupanda kwa asilimia 92 ni kutoka kama 13 hadi 25. Ukisikia "imepanda kwa 92" bila maelezo utadhani karibu kila mpiganaji ni mtafuta mshahara, kumbe watatu kati ya wanne walitaja sababu kuu nyengine.

Namba 71 nayo imejirudia. Mwaka 2023, asilimia 48 ya waliojiunga kwa hiari walisema kulikuwa na tukio maalumu lililowasukuma, na kati ya hao asilimia 71 walitaja ukiukwaji wa haki za binadamu, mara nyingi kutoka kwa vyombo vya usalama. Piga hesabu: 71 ya 48 ni kama 34 ya wote. Theluthi moja ni nyingi mno, lakini si thuluthi mbili, na anayeziweka 71 hizo mbili bega kwa bega anadai jambo ambalo ripoti haikulisema.

Kuna na kasoro ambayo hesabu haiwezi kuitibu. Kenya imo 2017 na haimo 2023. Mali, Burkina Faso na Chad zimo 2023 na hazimo 2017. Dini ikishuka kati ya ripoti mbili zenye nchi tofauti, sehemu ya mshuko huo inaweza kuwa ni mabadiliko ya waliohojiwa tu. Halafu wanaozungumza ni watu waliotoka au walioshikwa. Aliyeko mikononi mwa serikali anajua kwamba "nilikosa kazi" ni jibu salama kuliko "niliamini na bado naamini". Na mwenye ripoti ni shirika la maendeleo, ambalo shughuli zake ni ajira, elimu na utawala bora. Hatusemi limepika matokeo, ila msomaji ajue duka linauza nini.

Kwa Zanzibar, pengo kubwa ni la ramani. Tanzania haimo katika ripoti hata moja. Msumbiji haimo pia, ingawa vita vya Cabo Delgado vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 ndivyo vilivyo karibu nasi kuliko vyote, vina wapiganaji wanaosema Kiswahili, na mwaka 2020 vilivuka mto Ruvuma hadi kijiji cha Kitaya, Mtwara. Wala ripoti hizi hazitakusaidia kuelewa mabomu ya balozi za Marekani ya tarehe 7 Agosti 1998, ambayo Wazanzibari wawili walitiwa hatiani New York, mmoja 2001 na mwengine 2010. Zile zilikuwa njama za watu wachache. UNDP ilihoji watu wa majeshi yanayoandikisha kwa mamia.

Kuna swali ambalo lingefaa kuulizwa huku na ripoti hazina jibu lake. Januari 2001 askari waliwafyatulia risasi waandamanaji wa chama cha upinzani cha CUF, Pemba na Unguja; Human Rights Watch ilihesabu vifo visivyopungua 35, na watu wapatao 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya. Kwa mizani ya 71, hiki ndicho kichocheo kamili: ndugu kuuawa, ndugu kukamatwa, mkono wa dola. Kundi la silaha halikuzaliwa. Kulikuja Muafaka, makubaliano ya CCM na CUF, wa Oktoba mwaka ule ule, na baadaye kura ya maoni ya 2010 iliyofungua njia ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Tunaona sababu moja ni kwamba hasira ilikuwa na chama cha kuibeba, na chama kilikuwa na meza ya mazungumzo ya kuipeleka. Hili ni dai letu, halimo kwenye ripoti, lakini ndilo linalofanya kikao cha Wete, Pemba, kiwe tofauti na cha Garissa, Kenya.

Kuhusu matumizi. Kikao kizuri ni cha watu 12 hadi 16 kwa saa mbili. Baada ya Alasiri panatosha kumaliza kabla ya Magharibi. Usichapishe ripoti nzima. Chukua muhtasari wa mwanzo wa ripoti zote mbili na chati za sababu za kujiunga, na uzitafsiri mapema kwa maandishi, kwa sababu anayetafsiri Kiingereza kwa mdomo huruka maneno kama "miongoni mwa" na "sababu kuu", ambayo ndiyo yanayobeba uzito wote. Gawa karatasi yenye maswali manne ya 2017 bila tarakimu, kila kundi la watu wanne likisie. Ndipo utoe namba. Mtu aliyekisia 90 akakuta 51, au aliyekisia 5 akakuta 51, wote wawili watasikiliza kwa namna ambayo hawangesikiliza mhadhara.

Zungumzeni 2017 kwa saa nzima kabla ya kuigusa 2023. Ukizitoa pamoja, washiriki watalinganisha safu kwa safu na makosa yote yaliyotajwa juu yataingia kwa mkupuo. Andaa pia mifano miwili ya kumtikisa kila upande: Tamil Tigers wa Sri Lanka, kundi la kitaifa lisilo la kidini, walitumia mabomu ya kujitoa mhanga na ndio waliomuua Rajiv Gandhi Mei 1991, na Lord's Resistance Army ya Joseph Kony, Uganda, iliyotumia lugha ya Kikristo. Dakika kumi kwa yote mawili zinatosha. Zikizidi, kikao kinageuka mashindano ya dini gani ina waovu wengi.

Jina la Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, litatajwa, usijidanganye. Viongozi wake walikaa mahabusu miaka mingi hadi mashitaka yalipofutwa Juni 2021, na mtu atataka kuwatumia kama ushahidi wa hili au lile. Ripoti haina data yao. Mwendeshaji aseme hivyo, aandike hoja pembeni, arudi kwenye karatasi.

Walimu wa vyuo wapewe nafasi ya kuihoji ile 32, maana huku ina tatizo lake. Karibu kila mtoto wa Kiislamu Zanzibar anapita chuoni miaka sita na zaidi, na wapo wanaokhitimu juzuu zote 30 bila kufasiriwa hata sura moja. Tarakimu inayohesabu miaka haimwambii maalim afundishe nini katika miaka hiyo. Iliyo rahisi zaidi kutumika ni ya 2023: kila mwaka wa ziada wa masomo ulipunguza uwezekano wa kujiunga kwa asilimia 13. Mkuu wa skuli anaweza kuipeleka kwa mzazi anayetaka kumtoa mtoto kidato cha pili akavue.

Mwandishi wa habari anayetafuta sentensi moja ya kichwa cha habari asizipakue, zitamharibia jina. Mtafiti wa Pwani atazihitaji kama mlinganisho tu. Anayeendesha mafunzo azichukue zote mbili, na karatasi zikiwa chache aanze na sehemu ya 2023 inayohusu waliotoka. Inazungumzwa kidogo mno. Sababu zinazojitokeza sana ni matarajio yasiyotimia, hasa ya fedha, na kupoteza imani na viongozi wa kundi, na waliojitoa wenyewe wana uwezekano mdogo wa kurudi au kuwavuta wengine. Hiyo ndiyo taarifa ambayo sheha, au mama mwenye mtoto aliyepotea kuelekea Pemba, Msumbiji, anaweza kuifanyia kazi bila kusubiri wanazuoni wakubaliane.