Kozi ya kuchora mbwa kwa rangi za mafuta: Popi kapatikana, ila kwa jasho langu

Popi ni mbwa wa kienyeji, mweusi tii, baka jeupe kifuani, sikio moja limelala. Mara tatu nimemchora, mara tatu katoka kama kiatu kilichopigwa kiwi. Ndipo nikalipia elfu sitini kozi ya video ya kuchora mbwa kwa rangi za mafuta.

Somo la pili peke yake limerudisha nusu ya pesa: usichore unywele mmoja mmoja. Finya macho uone mapande ya kivuli na mwanga, uyapake kwa brashi pana na rangi nyepesi. Manyoya huja mwisho, tena machache, pale mwanga unapokutana na kivuli. Mimi nilikuwa naanza na manyoya!

Jingine, nimeiweka kando tyubu ya nyeusi. Mwalimu anachanganya buluu ya altramarini na kahawia ya amba iliyochomwa. Ukizidisha buluu, weusi unapoa. Ukizidisha kahawia, unapata joto. Nikamtoa Popi juani saa nne asubuhi: kumbe mng'aro wa mgongoni mwake si mweupe, ni buluu ya mbingu. Miaka sita naishi naye sijawahi kuuona.

Sasa lawama. Mbwa wote wa kozi ile wana manyoya marefu, na masomo manne mazima yanahusu kuyalaza kwa brashi ya feni, ile iliyotanuka kama kipepeo. Mbwa wetu hawa ni misuli na mbavu. Ukikosea bega huna manyoya ya kulifichia. Bega la Popi nililipata kwa kumpapasa huku nachora, naye akidhani anabembelezwa.

Kuhusu kukauka, mwalimu kapita mbio. Rangi ya mafuta haikauki kama ya maji. Mafuta yenyewe hushika hewa yakaganda. Amba huwahi, nyeupe ya titani hujivuta. Na tabaka la juu lazima liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo litapasuka. Hayo kayasema kwa sekunde chache, mwishoni kabisa.

Mwenye mbwa wa manyoya marefu alipie tu. Mwenye kama wangu asubiri punguzo.

Picha sasa iko juu ya kabati. Siku ya tano nilidhani kifua kimekauka, nikaiegemeza ukutani, Popi akapita na mkia wake.