Hakiki: Mfumo wa Kugawa Figo Nchini Marekani

Mfumo wa kompyuta unaopanga foleni ya figo za wachangiaji waliofariki nchini Marekani, ulioanza kutumika Desemba 2014, unastahili sifa kwa jambo moja hasa: muda wa kusubiri huhesabiwa tangu mgonjwa alipoanza kusafishwa damu kwa mashine, hata kama aliandikishwa baadaye, na hivyo maskini wanaochelewa kufikishwa kwa wataalamu hawaadhibiwi mara mbili. Kuwapendelea, katika kugawa asilimia 20 ya figo zilizo bora zaidi, wagonjwa wanaokadiriwa kuishi muda mrefu zaidi kuna mantiki ya kitakwimu. Lakini umri ukiwa miongoni mwa vigezo vinne vya makadirio hayo, mzee mwenye siha njema ana haki ya kunung'unika.

Doa kubwa lilikuwa katika fomula ya kukadiria utendaji wa figo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na kizidisho, yaani namba iliyopandisha matokeo, kwa wagonjwa Weusi, wakaonekana wazima kuliko walivyokuwa na kuchelewa kuingia foleni. Kizidisho hicho kilipigwa marufuku mwaka 2022, na tangu Januari 2023 hospitali zikatakiwa kuwarudishia muda waliopoteza, ingawa mgonjwa bado huitegemea hospitali yake kutafuta vipimo vya zamani vya kuthibitisha dai hilo.